Pete Isiyo na Dhahabu

Pete ni pambo dogo, lakini mzigo wake wa maana ni mkubwa. Aivaaye huwaambia watu, bila ya kufungua kinywa, kwamba ni mume au mke wa fulani, au ana cheo, au ana mali. Basi mwenye kutaka kuijua historia ya watu haifai avidharau vidole vyao. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za pete moja ya nchi ya Brazili, isiyofuliwa na sonara wala kupimwa kwa mizani, bali huchongwa kwa mkono katika kokwa la tunda la mwituni.

Mti wenyewe huitwa tucum, nao ni wa ukoo mmoja na mnazi na mchikichi. Umejaa miiba mirefu myeusi, na nyuzi za majani yake husokotwa kamba za kufumia nyavu. Kokwa lake lina kifuu cheusi kigumu, ambacho kikisuguliwa hung'aa kama mpingo. Fundi hulikata kokwa kwa msumeno mdogo, akatoa kiini, kikabaki kipande cha mviringo. Kisha hulipanua tundu kwa kisu, kidogo kidogo, akilijaribu kidoleni kila mara; kwa kuwa kifuu hakikunjuki kama madini. Tundu likizidi, pete huanguka, likipungua, haipiti, na mkono ukifanya pupa, kazi yote hupasuka. Mwisho ni kusugua ndani na nje. Wazee wetu wa pwani walisugulia mbao kwa majani makavu ya msasa, hata jina la mti huo likahamia kwenye karatasi ya dukani. Aliyepata kuifanya kazi hiyo anajua jinsi inavyokula saa. Mtengeneza pete hii hatoi fedha, hutoa siku yake.

Hapo ndipo ilipo thamani yake katika historia. Brazili ilipokea Waafrika karibu milioni 4.9 katika biashara ya utumwa, kuliko nchi nyingine yoyote ya Marekani zote mbili. Wengi walitoka Angola na Afrika ya Magharibi. Lakini katika karne ya 19 merikebu zilipakia watu wengi pia katika bandari za Msumbiji, kama vile Quelimane, jirani na pwani yetu. Katika karne ya 18 maelfu yao walichimba dhahabu katika nchi ya Minas Gerais. Dhahabu ilipita mikononi mwao, haikukaa vidoleni mwao. Masimulizi ya Wabrazili yasema kwamba katika zama za ufalme, yaani kati ya 1822 na 1889, watumwa na wenyeji wa asili, kwa kukosa dhahabu, walichonga pete za tucum ziwe alama ya ndoa, ya urafiki na ya ahadi ya kusimama pamoja. Tafakari basi: mtumwa hakuwa na siku iliyo yake. Saa alizozitumia kumchongea mkewe pete alizikata katika mapumziko yake machache, na kwa hiyo alitoa zawadi ambayo bwana wake, pamoja na dhahabu yake yote, hakuweza kuitoa. Utumwa ulifutwa kwa sheria ya tarehe 13 Mei, 1888, lakini pete haikufutika.

Walio huru waweza kuifanyia nini alama ya unyonge wao? Unguja ilitoa jibu moja. Kaniki ilikuwa vazi la watumwa. Na baada ya amri ya 1897 kuondoa utumwa katika sheria, wanawake wengi waliiacha wakajifunga kanga, ili jicho la mtazamaji lisipate tena pa kuwatengea. Brazili ilitoa jibu la pili: alama iliokotwa, ikavaliwa na watu ambao hawakulazimishwa. Majibu hayo hayapingani. Yule wa kwanza akataa kudharauliwa; huyu wa pili akataa kumwacha peke yake anayedharauliwa.

Mfano mashuhuri wa jibu la pili ni Pedro Casaldáliga, padri kutoka Catalonia aliyefika Brazili mwaka 1968. Alipofanywa askofu wa São Félix do Araguaia mwaka 1971, alichukua pete ya tucum mahali pa pete ya dhahabu. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa wanajeshi, na mabwana wa mashamba makubwa walikuwa wakiwanyang'anya wakulima na wenyeji ardhi yao. Pete ile haikuwa maneno matupu. Mwezi wa Oktoba 1976 askofu huyu na padri João Bosco Penido Burnier walikwenda kwenye kituo cha polisi kuwaombea wanawake wawili waliokuwa wakiteswa. Padri alipigwa risasi mbele ya macho ya askofu, naye akafariki.

Siku hizi pete za tucum huuzwa mezani pamoja na mapambo mengine, na wengi huzinunua kwa uzuri wao tu. Hapana dhambi katika kupenda kitu kizuri. Walakini pete iliyotakiwa kusema "niko pamoja nawe" haiwezi kulisema neno hilo kwa niaba ya mtu asiyekusudia. Casaldáliga alifariki tarehe 8 Agosti, 2020, akazikwa kando ya mto Araguaia, katika makaburi ya Wakarajá, mahali walipozikwa pia vibarua wa mashamba. Alichokiahidi kwa kidole alikitimiza kwa mwili mzima.