Maji, Mpunga na Mamlaka: Office du Niger nchini Mali tangu 1932
Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ya Ufaransa iliunda Office du Niger ili kumwagilia takribani hekta milioni moja na kuvipatia viwanda vya nguo vya Ufaransa pamba. Bwawa la Markala lilijengwa kwa kazi ya shuruti, na familia nyingi za Wamossi zilihamishwa kutoka kwao. Hata hivyo, hadi ukoloni unakoma, eneo lililomwagiliwa halikufikia hekta laki moja. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, mpunga ulichukua nafasi ya pamba, lakini mkulima aliendelea kulazimishwa kuliuzia shirika mavuno yake. Kuanzia miaka ya 1980, ukarabati wa mifereji ulipoandamana na uhuru wa kuuza, mavuno kwa hekta yaliongezeka zaidi ya maradufu. Hivyo, fedha za umma zilizaa chakula pale mkulima alipopata mamlaka juu ya zao lake.