Hela, Karanga na Korosho: Thamani ya Fedha Ilivyofika Nachingwea

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya fedha. Reale, rupia, pesa, hela, shilingi, senti, dola: kila neno liliingia na sarafu yake, na kila sarafu ilikuwa na mwenyewe. Reale ni ile ya Maria Theresa, iliyofuliwa Austria ikapendwa hata Unguja. Rupia na pesa zilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Hela ni Heller ya Wajerumani, iliyoanza kutolewa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja, badala ya pesa sitini na nne za desturi. Wajerumani walikwisha kuondoka, Heller zao hazinunui kitu, ila neno limebaki. Leo hakuna mtu wa Nambambo anayedai hela yake akaukumbuka mji wa Berlin.

Nambambo ni kata ya Nachingwea, mkoani Lindi, katika nchi ya mikorosho, ya Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde. Ni bara, mbali na bandari. Mtu angeweza kudhani kwamba kupanda na kushuka kwa fedha za mataifa ni mashaka ya wenye mabenki, wala hayawahusu watu wa jembe. Historia ya upande huu inasema vingine. Zaidi ya mara moja mashaka hayo yalifika mpaka shambani, na aghalabu aliyeyabeba ni yule ambaye hajapata kuishika dola mkononi.

Mfano wa kwanza ni wa rupia. Kabla ya Vita Vikuu vya kwanza, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Vita vilipokwisha bei ya madini ya fedha ilipaa, na rupia, iliyokuwa ya fedha, ikapaa nayo, hata mwaka 1920 Serikali ya Uingereza ikakata shauri kwamba kwa Afrika ya Mashariki rupia 10 zitosheke kwa pauni. Ikaja florini, haikudumu. Mwaka 1921 ikaja shilingi. Mwenye deni la rupia aliona deni lake limenenepa usiku mmoja. Shilingi hiyo mpya ilifungwa kwa pauni, ishirini kwa moja, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyokuwa na ofisi yake London. Kamba hiyo ndiyo itakayovutwa baadaye.

Watu wanapoitaja Nachingwea ya zamani hukumbuka karanga, na hadithi ya karanga husimuliwa kama kichekesho: Wazungu waliokuja na matrekta yakashindwa na visiki. Kichekesho hicho kina kweli yake, lakini kinaficha sababu. Mradi ule haukuzaliwa na mapenzi ya karanga. Ulizaliwa na uhaba wa dola.

Uingereza ilitoka vitani mwaka 1945 ikiwa mshindi mwenye madeni. Mafuta ya kula yaligawiwa kwa kadi, na mengi yalipaswa kununuliwa kwa dola, nazo dola haikuwa nazo. Mwaka 1946 ilikopeshwa na Marekani dola bilioni 3.75, kwa sharti kwamba wenye pauni waruhusiwe kuzibadilisha kwa dola. Mlango ulifunguliwa tarehe 15 Julai 1947. Wenye pauni wa dunia nzima wakaukimbilia, mkopo ukayeyuka, na tarehe 20 Agosti mlango ukafungwa. Wiki tano tu.

Katika dhiki hiyo ndipo Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipoiangalia Tanganyika kutoka angani na kuona ardhi ya kulima karanga: mafuta yatakayolipwa kwa pauni. John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, alitumwa kuchunguza mwaka 1946, akarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu kwa gharama ya pauni kama milioni 25. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Sehemu kubwa ya ardhi ilikusudiwa iwe huku Kusini. Pakajengwa mji, pakatandazwa reli kutoka pwani, na Mtwara ikaanza kuchimbiwa bandari ya kina kirefu.

Hapa pana jambo ambalo wasimuliaji hulipita haraka. Mradi wa kuokoa dola ulianza kwa kutegemea mitambo ya Kimarekani. Matrekta yalitafutwa katika mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, nayo yalifika yamechakaa. Vifaru vya Sherman, vya Kimarekani pia, viligeuzwa Uingereza kuwa matrekta. Mashine ya dola hudai vipuri vya dola. Kisha, Jumapili ya tarehe 18 Septemba 1949, waziri wa fedha Stafford Cripps, ambaye kwa muda mrefu alikuwa amekanusha, alitangaza kwamba pauni haitakuwa tena dola 4.03 bali 2.80.

Kamba ya mwaka 1921 ikavutwa. Kwa kuwa shilingi ilifungwa kwa pauni, dola iliyokuwa chini kidogo ya shilingi 5 ikawa shilingi 7 na senti 14. Kipuri cha dola 1,000 kiligharimu pauni 248 kwa hesabu ya Jumamosi. Kwa hesabu ya Jumatatu kiligharimu 357. Wenye mashamba ya mkonge waliouza kwa dola walipata shilingi nyingi zaidi kwa robota lile lile. Ujira wa vibarua walioukata mkonge huo na waliong'oa visiki vya Nachingwea haukuandikwa upya asubuhi hiyo. Wala hakuna baraza lolote la Kusini lililoulizwa.

Mradi ulifutwa Januari 1951, ukiwa umekula pauni kama milioni 36. Si haki kuilaumu dola peke yake. Mvua, udongo na haraka ya wanasiasa vilitosha kuuangusha. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960, na mashamba yaliyoachwa yakapata wageni wengine, wapiganaji wa Frelimo.

Tanzania ilifungua Benki Kuu yake Juni 1966 na kutoa shilingi yake. Mtihani haukuchelewa. Novemba 1967 pauni ilishushwa tena, kutoka dola 2.80 hadi 2.40, na safari hii Tanzania, Kenya na Uganda zilikataa kuifuata. Dola ikabaki shilingi 7.14. Siku ile ilistahili kushangiliwa kuliko ilivyoshangiliwa.

Lakini bei iliyofungwa nyumbani nayo ina mwenye kuilipa. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 shilingi ilishikiliwa juu kuliko uzito wake. Korosho ziliuzwa nje kwa dola na vyombo vya umma, dola zikageuzwa shilingi kwa kiwango cha serikali, na mkulima akapewa kilichosalia, ilhali sabuni na kitambaa vilimsubiri kwa bei ya magendo. Mavuno ya nchi yalikuwa tani 145,000 msimu wa 1973/74; kufikia 1986/87 hayakufika 20,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, na kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho kulichangia, lakini mtu hapalilii mti usiomlipa. Mwaka 1986 dola ilitoka shilingi kama 17 hadi 40; mwaka 1992 sheria mpya ikaruhusu maduka ya kubadilisha fedha.

Tangu hapo mashaka yamevaa nguo nyingine. Korosho za Nachingwea hupitia chama cha msingi, ghala, na mnada wa chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mnunuzi hutaja bei kwa shilingi, ila mzigo atauuza India au Vietnam kwa dola, baada ya wiki za meli. Kwa hofu ya yatakayoipata dola katikati, hupunguza kidogo katika kila kilo anayotaja. Benki zaweza kumfungia bei ya dola mapema kwa ada. Mkulima hana dirisha hilo. Mwaka 2018 wanunuzi walitaja bei ndogo mno, wakulima wakagoma, na Serikali ikanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likibeba magunia.

Tangu 2024 mnada umehamia katika mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Bei husomwa, wakulima huulizwa kama wameiridhia, na wanaweza kuikataa. Wakiikataa, korosho hubaki ghalani kungoja mnada unaofuata, na kiwango cha dola cha siku hiyo.