Saa za Uchungu wa Kwanza: Historia Fupi ya Kutabiri Njia ya Kujifungua

Mazinde, mahali alipokaa Semboja mwana wa Kimweri katika karne ya 19 ili aishike njia ya misafara, iko bondeni. Mazinde Juu iko mlimani. Hospitali ya Bumbuli, iliyo ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, imo milimani vilevile, lakini si jirani. Tumeanza na jiografia kwa sababu historia tunayokusudia kuieleza, yaani jinsi wakunga na madaktari walivyojaribu kujua mapema kama mwenye mimba ya kwanza atajifungua kwa njia ya kawaida ama kwa upasuaji, kwa sehemu kubwa ni historia ya umbali.

Jaribio la kwanza lilikuwa kutabiri kabla ya uchungu. Mama alipimwa kimo, kwa kuwa ufupi ulidhaniwa kuashiria nyonga nyembamba, na kadi ya kliniki ya Tanzania ikaweka kipimo cha sentimita 150. Aliyekwisha kuzaa aliulizwa habari za uzazi uliopita. Mwenye mimba ya kwanza hana uzazi uliopita wa kuulizwa. Na hata wenye nao hawakutabirika vema: huko Kasongo, mashariki mwa Kongo (Zaire ya siku zile), watafiti waliona kwamba kati ya wanawake ambao uzazi wao ulikwama, asilimia 71 hawakuwa wametambuliwa kwa historia yao, nao waliotajwa kuwa hatarini, asilimia 90 hawakukwama. Basi kadi safi haikuwa ahadi, wala kadi yenye alama haikuwa hukumu.

Ikabaki kuusoma uchungu wenyewe. Mwaka 1954 Emanuel Friedman wa New York alionyesha kwa mchoro jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka saa kwa saa. Lakini waliougeuza mchoro huo kuwa chombo cha mkunga wa kijijini ni Philpott na Castle, waliofanya kazi Salisbury, ambayo sasa ni Harare. Katika maandiko yao ya mwaka 1972 walieleza habari za wanawake 624, wote wa mimba ya kwanza. Walichora mstari wa tahadhari, unaopanda sentimita 1 kwa saa, na baada ya muda wa saa 4 mstari wa kuchukua hatua. Zile saa 4 zilikuwa na maana ya njiani. Mkunga asiye na daktari, akiona mama amevuka mstari wa kwanza, ampeleke hospitali. Uamuzi wa kuongeza uchungu au kupasua ufanyike huko, kabla nguvu za mama na mtoto hazijaisha.

Hapa watumishi wa Kanisa wanahusika kuliko wanavyodhani. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki uchungu uliokawia ulihesabiwa kuwa ushuhuda wa uzinzi, na mwanamke akabanwa ataje jina la mwanamume kabla ya kutafutiwa msaada. Huo nao ulikuwa utabiri wa aina yake. Kwa maoni yetu ubaya wake haukuwa upungufu wa elimu tu. Uligeuza saa za safari kuwa saa za hukumu, na aliyehukumiwa mara nyingi alikuwa binti tuliyemfungisha ndoa mwaka uleule.

Shirika la Afya Duniani liliujaribu mchoro huo kwa wanawake 35,484 katika Indonesia, Malaysia na Thailand. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 1994, yalionyesha kwamba uchungu uliozidi saa 18 ulipungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Baadaye utafiti uliofanyika Nigeria na Uganda ulionyesha kuwa wanawake wengi hufunguka polepole kuliko sentimita 1 kwa saa na bado huzaa salama. Kwa hiyo mwaka 2018 Shirika lilikataa kasi hiyo isiwe sheria kwa kila mama, na mwongozo wa mwaka 2020 unaanza kuhesabu uchungu kamili kwenye sentimita 5. Badiliko hilo ni jema, maana linakusudia kuwaokoa akina mama na kisu kisicho cha lazima. Hata hivyo linadai mkunga anayekaa karibu na mama na kupima tena na tena. Naye mkunga wa zahanati ya bondeni, pamoja na kupima sentimita, hana budi kujua mapema gari liko wapi, na kama mvua imeiachia barabara ya mlimani.