Jamaa inayojilisha yenyewe: juu ya nini wengine wanachagua shamba mbele ya soko

Mu vijiji vya Kabare, Walungu, Masisi ao Lubero, jamaa kulima chakula chake haiko jambo mpya. Lakini wako pia watu waliozoea kuishi kwa mshahara ao kwa biashara, mwalimu, fundi, mama muuzaji, na ambao wanaamua kurudilia jembe. Hawafanye vile juu walishindwa maisha ya mji. Wengi walipiga hesabu, wakaona kwamba chungu cha nyumbani kinachotegemea soko tu kinaweza kulala tupu siku moja bila kosa lao.

Kujilisha ni nini?

Kujilisha haimaanishi kukaa bila kununua wala kuuza. Hakuna jamaa ya Kivu inayolima chumvi, sabuni, dawa ya malaria, daftari ao minervali ya sekondari. Masomo ya msingi mu shule za Serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu mwezi wa kenda 2019, lakini sekondari bado inalipwa. Jamaa inayojilisha ni ile ambayo chakula chake cha kila siku kinatoka kwanza mu shamba na mu mifugo yake, na franga inayopatikana inabaki kwa mambo yasiyoota mu udongo.

Sababu zinazosukuma watu

Sababu ya kwanza ni bei. Sehemu kubwa ya chakula kinachouzwa Bukavu, Goma ao Uvira kinapita ku mpaka, ku ziwa ao ku barabara mbaya. Dola ikipanda, mpaka ukifungwa, ao mvua ikikata barabara, bei ya unga inapanda siku ileile, wakati mshahara unabaki pale ulipokuwa.

Sababu ya pili ni franga yenyewe. Mwanzo wa 2025, kisha Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23, banki zilifunga milango. Mtu aliyekuwa na akiba ku konti hakuweza kuigusa. Aliyekuwa na mihogo mu udongo aliweza kuing'oa, kama njia ya kufika shambani ilikuwa wazi.

Hapo kuna jambo ambalo wakimbizi wa vita wanalijua vizuri. Gunia la maharagi ndani ya nyumba linabebwa na wezi kwa dakika tano. Mihogo haibebwe upesi vile. Inangojea mu udongo miezi mingi, na jamaa inavuna kidogo kidogo kadiri ya njala yake. Njo maana mihogo ilienea sana mahali ambapo watu wanakimbia na kurudi kila mara.

Sababu ya tatu ni afya ya watoto, na hapa inafaa kusema kweli yote. Mu Kivu kila mzee anajua neno bwaki: mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, anakataa kula. Hospitali ya watoto ya Lwiro, mu teritwari ya Kabare, imetunza watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi, na mu Bukavu watu waliunda komite ya kupiganisha bwaki tangu miaka ya 1960. Wengi wa watoto hao walikuwa wa wakulima. Baba na mama walilima kila siku, lakini mtoto alikula fufu ya mihogo bila maharagi, bila samaki, bila nyama. Kwa hiyo kulima peke yake hakulinde mtoto. Kinachomlinda ni kile kinacholimwa na kile kinachofika mu sahani yake.

Shamba linapangwa namna gani?

Mu milima ya Bushi, desturi ya zamani ni kuzungusha migomba nyumba. Mavi ya mifugo, majivu na maganda ya chakula vinatupwa ku shina ya migomba, na udongo wa pale unabaki mweusi hata kama mulima wote umechoka. Chini ya migomba wanaweka mateke, na pembeni lenga-lenga na maboga. Mihogo, maharagi, mahindi na viazi vinakaa mu mashamba ya mbali kidogo. Majani ya mihogo yanatoa sombe karibu mwaka muzima.

Majira ya kulima ni mawili: sezo A, kuanzia mwezi wa kenda mpaka mwezi wa kwanza, na sezo B, kuanzia mwezi wa pili mpaka mwezi wa sita. Mwenye kipande mu bwawa anaongeza sezo C wakati wa jua, kwa mboga na mahindi.

Hesabu ya maharagi inaonyesha kama jambo linawezekana. Jamaa inayopika kilo moja kila siku inahitaji kilo 365 kwa mwaka. Ku udongo wa kati, bila mbolea ya kununua, maharagi mafupi yakitoa kilo 700 kwa hekta, ni kilo 7 kwa kila ari moja. Itahitajika ari 52 kwa mwaka, ni kusema ari 26 kila sezo, zaidi ya sehemu moja kati ya tatu ya uwanja wa mpira. Na bado mbegu ya sezo inayofuata haijahesabiwa.

Kwa mtu wa Walungu mwenye nusu hekta kwa yote, ile ni nafasi kubwa. Njo maana maharagi yanayopanda ku miti yanapendwa: ku udongo muzuri yanaweza kutoa mara mbili ao zaidi ku nafasi ileile. Lakini yanaomba miti ya kuegemea, na asiyepanda miti atainunua. Kituo cha INERA Mulungu, karibu na Kavumu, kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mbegu za maharagi, pamoja na zile zilizoongezwa madini ya chuma.

Udongo pia haulingane. Karibu na Kahuzi na mu Masisi kuna udongo wa volkano unaozaa sana. Upande mukubwa wa Walungu udongo ni mwekundu, wenye asidi, na mvua inaupeleka chini ya mulima. Pale, mistari ya majani ya setaria ao tripsakumu inayokata mulima inashika udongo, na majani yenyewe yanakatwa kwa kulisha mbuzi na sungura.

Mifugo midogo, faida kubwa

Vita vya 1996 na 1998 viliondoa ng'ombe nyingi mu vijiji vya Kivu. Kisha pale jamaa nyingi zilishuka ku mifugo midogo. Kobayi inachukua nafasi ya pekee. Inakaa mu jikoni, inakula majani na maganda, inabeba mimba kama miezi miwili, na kila mara inazaa watoto wawili mpaka wanne. Mtoto wa nyumba anaweza kuifunga mwenyewe, na mwizi hapati faida kubwa ndani yake. Inahitaji majani mabichi kila siku, juu mwili wake hautengenezi vitamini C.

Sungura inabeba siku 31 hivi. Mbuzi inabeba miezi mitano na ni kama akiba: inauzwa siku ya minervali ao ya hospitali. Nguruwe inanenepa upesi, lakini pesti ya nguruwe ya Afrika haina dawa, na inaweza kumaliza zizi lote kwa siku chache. Kuku zinaogopa ugonjwa wa Newcastle, ambao chanjo yake iko. Zaidi ya nyama, mifugo yote inatoa mbolea. Bila mavi ya mifugo, shamba dogo linalolimwa mara mbili kwa mwaka linachoka tu.

Swali gumu: shamba ni la nani?

Jamaa nyingi zinashindwa hapa kuliko ku jembe. Mu desturi ya Bushi kuna njia mbili zinazojulikana sana. Kalinzi ni haki ya kudumu: zamani mtu alitoa ng'ombe kwa mwami ao kwa mwakilishi wake, akapokea udongo ambao watoto wake watarizi. Bwasa ni kukodi kwa muda mufupi, mara nyingi kwa sezo ao mwaka, na mwenye bwasa haruhusiwe kupanda kitu cha kudumu: migomba, kahawa, miti. Anayekaa ku bwasa anaweza kulima maharagi, lakini hawezi kuzungusha migomba nyumba yake wala kutengeneza udongo kwa miaka kumi. Akiutengeneza vizuri sana, mwenyewe anaweza kuurudisha.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na raia anapata haki ya kuutumia. Kwa mashamba ya desturi, sheria ile iliahidi amri ya Rais ya kueleza haki zake, na miaka makumi ilipita bila amri ile. Ndani ya nafasi ile yanazaliwa mabishano mengi: shamba moja linauzwa na shefu kwa mtu mmoja, na karatasi ya kadastre iko mikononi mwa mwingine.

Kwa mama na wasichana swali ni kali zaidi. Kode ya Familia ya 1987 inaweka watoto wote, wavulana na wasichana, mu kundi la kwanza la warizi. Mu vijiji vingi desturi inasema ingine, na mjane anaweza kupoteza shamba alilolilima miaka makumi mawili. Jamaa inayotaka kuishi kwa shamba inafaa kuandika, mbele ya mashahidi, jina la bibi pamoja na la bwana.

Hatari zisizofichwa

Mtu anayetegemea shamba anabeba hatari ambazo mtu wa soko hazioni. Ugonjwa wa migomba unaoitwa wilti ao kirabiranya ulionekana Masisi mu 2001, kisha ukaenea Kivu yote. Dawa haiko. Kinachosaidia ni kukata kila shina gonjwa upesi, kupitisha kisu ku moto ao ku maji ya javel mbele ya kugusa mgomba mwingine, na kuvunja ua la chini kwa kijiti chenye panda.

Mihogo michungu nayo inadai uvumilivu. Isipolowekwa siku tatu na kukaushwa vizuri, sumu inabaki. Mtu anayeikula hivyo kila siku bila chakula kingine anaweza kupata konzo, ugonjwa unaolemaza miguu yote miwili kwa ghafla na milele. Ulionekana hata Burhinyi, mu Kivu ya Kusini, watu walipofupisha siku za kuloweka.

Halafu kuna usalama. Mu sehemu za Beni, Irumu ao Masisi, shamba zuri halina maana kama mtu anaogopa kulifikia. Na kuna mgongo wa mama: kulima, kuteka maji, kukata majani ya mifugo, kupika. Jamaa ikiongeza mashamba bila kugawa kazi upya, ni yeye atakayelipa.

Maulizo ya kujibu mbele ya kuamua

Udongo tunaotaka kulima ni wetu kwa miaka mingapi? Tuko na ari ngapi, na zinatosha maharagi ya watoto? Nani atafanya kazi gani? Mwaka wa kwanza, mbele migomba haijazaa, tutakula nini? Ni kitu gani tutauza ili kulipa minervali na dawa? Akiba ya franga itakaa wapi: mu AVEC, mu likelemba, ao ku mbuzi?

Wengi waliofaulu hawakuacha kazi yao siku moja. Mmoja wa nyumba alibaki na mshahara ao biashara, wengine wakaanza na bustani, kobayi na migomba michache, na kila sezo wakapunguza kitu kimoja ku listi ya soko. Jamaa isiyonunua tena mboga wala maharagi tayari imejilisha kwa sehemu kubwa, hata kama unga bado unatoka Mudaka ao Mugogo.