Milango ya Manchester

Whitworth Street inapita kusini mwa kitovu cha jiji la Manchester, ikifuatana na reli, katikati ya maghala marefu ya matofali mekundu yaliyojengwa kwa fedha ya pamba. Upande wake wa mashariki ilikuwapo Twisted Wheel, klabu ambamo vijana wa miaka ya 1960 walicheza muziki wa Wamarekani weusi hadi kunakucha. Upande wa magharibi, kando ya mfereji, ilikuwapo Haçienda, klabu iliyolifanya jina la Manchester litajwe kwenye kila sakafu ya dansi Ulaya. Leo pa kwanza pana hoteli, na pa pili pana nyumba za ghorofa zinazouzwa kwa jina lilelile la klabu.

Wanaume na wanawake waliokuwa vijana wakati huo sasa wana wajukuu, na kumbukumbu zao zimekuwa biashara: vitabu vya waliokuwa wahuni wa mpira, filamu za madijei, maonyesho ya picha. Simulizi linalopendwa zaidi linakwenda hivi: miaka ya 1970 na 1980 vijana walipigana viwanjani, kisha mwaka 1988 vikaja vidonge na muziki wa house, maadui wakakumbatiana, na ugomvi ukaisha. Ni hadithi tamu, na ina chembe ya ukweli. Lakini ugomvi wa jiji hili kwa sehemu kubwa ulikuwa wa mlangoni: nani aingie, nani abaki nje, na nani ashike ufunguo. Ulipodhibitiwa uwanjani, ulihamia kwingine.

Mchana mpira, usiku dansi

Jumamosi ya Manchester iliundwa na kiwanda. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 iliagiza wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waachiwe saa nane mchana siku ya Jumamosi. Mpira ulipokuja kuanza saa tisa alasiri, ulimkuta mfanyakazi ana mshahara mfukoni na nusu siku yake mwenyewe. Baada ya mpira ilifuata baa, na baada ya baa ukumbi wa dansi. Kwa hiyo jukwaa la uwanjani na sakafu ya dansi havikuwa na watu tofauti. Walikuwa walewale, wamebadili shati tu.

Wageni nao walikuwa na usiku wao. Katika miaka ya 1940 Ras Makonnen, mzaliwa wa Guyana, aliendesha migahawa na klabu katika eneo la Oxford Road, mahali ambapo wanafunzi, mabaharia na askari weusi waliweza kula na kucheza bila kufukuzwa mlangoni. Mapato ya biashara hiyo yalisaidia kugharimia Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika, uliofanyika Manchester Oktoba 1945, na ambao Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah walihudhuria. Makonnen baadaye alihamia Kenya, akawa raia wake.

Twisted Wheel ilifunguliwa mwaka 1963 katika mtaa mwingine, ikahamia Whitworth Street mwaka 1965. Haikuuza pombe. Kwa kuwa iliuza kahawa na soda tu, sheria za vileo hazikuigusa, na ndiyo maana iliweza kukesha. Vijana walikuja kwa treni kutoka miji ya mbali, wengi wao wamemeza vidonge vya kuondoa usingizi. Polisi hawakufurahishwa. Bunge likapitisha sheria mahususi ya jiji hilo mwaka 1965 iliyowapa mamlaka juu ya klabu za kahawa, na nyingi zikafungwa. Twisted Wheel ilijikongoja hadi 1971. Muziki wake haukufa: ulihamia Wigan, mji jirani, ambako klabu ya Wigan Casino ilikesha nao kuanzia 1973 hadi 1981.

Kuteka jukwaa

Wakati huohuo mambo yalikuwa yakichacha viwanjani. Old Trafford, uwanja wa Manchester United, ulikuwa na Stretford End, jukwaa la kusimama nyuma ya goli lililobeba maelfu ya watu waliobanana. Maine Road, uwanja wa Manchester City katika mtaa wa Moss Side, ulikuwa na Kippax, jukwaa la kusimama lililotanda ubavu mzima wa kiwanja. Kusimama kulikuwa rahisi kwa bei, na kijana wa miaka kumi na mitano aliweza kwenda na wenzake bila baba.

Vita ya mashabiki ilikuwa na kanuni zake. Lengo lilikuwa kuteka jukwaa la wenyeji. Wageni waliingia mapema, wawili wawili, skafu zimefichwa. Kwa ishara waliyopatana, wakaanza kuimba wimbo wa timu yao katikati ya maadui, kisha wakang'ang'ania pale mpaka polisi watenganishe. Waliobaki wamesimama walihesabiwa washindi, hata kama timu yao ilifungwa mabao matatu. Nje ya uwanja, mapambano yalifuata reli, kwa sababu mashabiki walisafiri kwa treni maalumu na kila mtu alijua zinafika saa ngapi.

Adhabu zilianza kuiandama United. Mwaka 1971 kisu kilirushwa kiwanjani kutoka Stretford End, na msimu uliofuata klabu ikalazimishwa kucheza mechi zake mbili za kwanza za nyumbani katika viwanja vya watu, kimojawapo kikiwa Anfield ya Liverpool. Tarehe 27 Aprili 1974 ikaja debi, mechi ya United na City. Denis Law, aliyekuwa ameifungia United mabao 237, sasa alivaa jezi ya City. Dakika za mwisho aliupiga mpira kwa kisigino, ukaingia wavuni. Hakushangilia, na mara akatolewa. Maelfu walimwagika kiwanjani, wengi wakitumaini kwamba mchezo ukivunjika matokeo yatafutwa. Mchezo ulivunjika kweli, lakini matokeo yakabaki 1-0 na United ikashuka daraja. Ingeshuka hata bila bao lile, kwa kuwa matokeo ya viwanja vingine yaliihukumu.

Msimu wa daraja la pili ndio ulioipa Manchester sifa mbaya nchi nzima. Miji midogo isiyozoea umati ilijikuta ikipokea maelfu ya vijana wa United kila baada ya wiki mbili, madirisha ya maduka yakifungwa kwa mbao kabla treni haijafika. Mwaka 1977 vurugu zilivuka bahari: baada ya mapigano huko Saint-Étienne, Ufaransa, United ilifukuzwa katika mashindano ya Ulaya. Ilikata rufaa, ikarudishwa kwa sharti la kucheza mechi ya marudiano mbali na nyumbani. Ikaenda Plymouth, pwani ya kusini-magharibi, ikashinda 2-0.

Jibu la wenye viwanja lilikuwa chuma. Uzio mrefu ulizungushwa mbele ya majukwaa, na mashabiki wakawekwa kwenye vizimba. Hatua hiyo ilichukuliwa kwa ajili ya wachache waliopigana, ikawafunga wote.

Shati linalopita

Kadiri polisi walivyojua kumtambua mhuni kwa skafu na mabuti mazito, ndivyo vijana walivyoviacha. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 walizuka Manchester vijana walioitwa Perry Boys, kwa shati zao za Fred Perry, nywele zilizolazwa upande na raba za bei ghali. Liverpool walikuwa na wenzao wa mtindo huohuo, kila mji ukidai ndio ulioanza. Shati hilo lilifanya kazi mbili: mchana lilimpitisha kijana mbele ya askari, na usiku likampitisha mbele ya baunsa.

Kwa vijana weusi, shati halikutosha. Klabu nyingi za katikati ya jiji ziliwakatalia mlangoni kwa visingizio vya kila namna. Ndiyo maana Moss Side ilikuwa na usiku wake, na kitovu chake kilikuwa Reno, klabu ya chini ya ardhi kwenye Princess Road. Dijei wake, Persian, alipiga muziki wa funk na soul ambao katikati ya jiji ulichelewa kuusikia. Vijana wengi wa baba Mwafrika au Mkaribi na mama Mwingereza, ambao hawakukaribishwa kwa moyo upande wowote, walipaona pale kwao. Julai 1981 Moss Side ililipuka kwa ghasia dhidi ya polisi, kazi zikiwa zimekauka na misako ya mitaani ikiwa imezidi. Reno ilifungwa mwaka 1986, jengo likavunjwa. Mwaka 2017 mwandishi wa tamthilia Linda Brogan aliwakusanya wateja wa zamani, wakaufukua msingi wake kwa majembe na brashi kama wanaakiolojia wafukuavyo magofu.

Kiangazi cha vidonge

Haçienda ilifunguliwa tarehe 21 Mei 1982 katika ghala lililokuwa duka la maonyesho ya boti. Wenye mali walikuwa kampuni ya muziki ya Factory, iliyoongozwa na mtangazaji wa televisheni Tony Wilson, pamoja na bendi ya New Order. Ben Kelly aliibuni kama karakana: nguzo za chuma zenye mistari ya njano na nyeusi, mithili ya alama za hatari kiwandani. Katika jiji ambalo viwanda vyake vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, kiwanda kimoja kilifunguliwa kwa ajili ya dansi. Miaka ya kwanza ukumbi ulikuwa baridi na mara nyingi mtupu, ukiendeshwa kwa hasara iliyofidiwa na mauzo ya rekodi za New Order.

Kisha Mike Pickering akaanza kupiga rekodi za house kutoka Chicago usiku wa Ijumaa, na kufikia kiangazi cha 1988 vikaingia vidonge vya ecstasy. Foleni ikazunguka jengo. Waliokuwa wakipigana Jumamosi mchana walionekana usiku wakicheza bega kwa bega, wametota jasho. Msimu uliofuata kiangazi hicho mashabiki wa City walipeleka viwanjani kwa wingi ndizi kubwa za plastiki zilizojazwa upepo. Jukwaa zima la Kippax likawa linapunga ndizi badala ya ngumi. Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi kwamba kidonge kilimtuliza mhuni.

Lakini katika miaka hiyohiyo mengine mengi yalibadilika. Mei 1985 watu 39 walikufa katika uwanja wa Heysel, Brussels, baada ya mashabiki wa Liverpool kuwavamia wa Juventus, na klabu za Uingereza zikafungiwa kushiriki mashindano ya Ulaya. Sheria zikaja mfululizo: ya kudhibiti pombe viwanjani mwaka 1985, na mwaka 1986 ya kuwapa mahakimu uwezo wa kumpiga mtu marufuku ya uwanja. Kamera zikafungwa, na makachero wakajipenyeza ndani ya magenge. Kisha, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya Hillsborough, Sheffield, wakafa 97. Hawakuwa wahuni, ingawa polisi na baadhi ya magazeti waliwasingizia hivyo. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Baada ya maafa hayo uzio uling'olewa, na klabu za daraja la juu zikaamriwa kuweka viti kwa kila mtazamaji. Stretford End ya kusimama ilivunjwa mwaka 1992, Kippax mwaka 1994. Kiti kina namba, na namba ina bei. Kijana wa mtaani aliyekuwa akilipa senti zake kusimama akaanza kuipata mechi kwa kuisikia redioni.

Ugomvi wapata biashara

Ecstasy nayo ilikuwa na mauzo. Wanaocheza kwa vidonge hunywa maji, hawanunui bia. Kwa hiyo ukumbi ulijaa huku sanduku la baa likiwa jepesi, na faida ikaenda kwa muuza vidonge. Mlango wa klabu ukawa mali. Anayewateua mabaunsa ndiye anayeamua nani auze ndani, na magenge ya mitaa ya Cheetham Hill na Moss Side, na ya mji jirani wa Salford, yakaanza kuugombea mlango huo kwa bunduki. Magazeti yakaliita jiji Gunchester. Julai 1989 msichana wa miaka 16 alikufa baada ya kumeza kidonge ndani ya Haçienda. Januari 1991 Wilson na wenzake waliifunga wenyewe kwa miezi kadhaa kwa kuchoshwa na vitisho, kisha wakaifungua. Juni 1997 ikafungwa moja kwa moja. Kabla jengo halijabomolewa vipande vyake viliuzwa kwa mnada, na Peter Hook wa New Order akatengenezewa magitaa ya besi kwa mbao za sakafu ile.

Hapa ndipo hadithi tamu inapopungukiwa. Waliokumbatiana mwaka 1988 hawakudanganya, walikumbatiana kweli. Ila urafiki wa sakafuni haukuwa na mamlaka juu ya mlango, na mlango ukanyakuliwa na wenye silaha, kama uwanja ulivyonyakuliwa na wenye mitaji. City ilihama Maine Road mwaka 2003, pakajengwa nyumba. Mwaka 2008 ikanunuliwa kwa fedha ya Abu Dhabi. United ilikuwa tayari mikononi mwa familia ya Glazer ya Marekani. Leo mashabiki wake wanaojazana kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam na baa za Nairobi ni soko muhimu zaidi kwa klabu kuliko mtoto wa Salford asiyemudu tiketi.

Tarehe 2 Mei 2021, uwanja ukiwa hauna watazamaji kwa sababu ya korona, mamia ya mashabiki wa United walipenya hadi kiwanjani Old Trafford kuwapinga wamiliki na mpango wa Super League, ligi ya klabu tajiri za Ulaya, uliokuwa umeporomoka mwezi uliotangulia. Askari walijeruhiwa, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa. Wako walioona uhuni wa zamani umerudi. Lakini waliomwagika mwaka 1974 walitaka kufuta bao, na hawa wa 2021 walihoji hatimiliki. Kwa jiji lililoruhusu kila mlango wake upate bei, hilo lilikuwa swali lililochelewa kuulizwa kwa miaka thelathini.