Nyumba ndogo ya Kindu: kabla ya kuuza, uliza historia yake

Kila juma kuna watu wanaopita redioni na ulizo moja: « Tunataka kuuza nyumba yetu ndogo. Tuanzie wapi? » Wengi ni jamaa zilizotawanyika kwa sababu ya vita. Leo nawajibu kwa historia ya nyumba ya babu yangu hapa Kindu, kwa sababu sisi wenyewe tulianza vibaya.

Babu alitoka Tunda, upande wa Kibombo. Kule, siku za wazee, nyumba haikuwa na bei. Ukoo unakuonyesha mahali, unakata miti na nyasi, unakanda udongo, unajenga. Ukihama, nyumba inaanguka na ardhi inabaki ya ukoo. Hakuna aliyeuliza karatasi.

Katika miaka ya 1950 babu akashuka Kindu kutafuta kazi ya reli. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilikuwa inatembea tangu 1911, na mji ulikuwa umekua kandokando yake na kando ya mto Lualaba. Hapa mambo ya ardhi yalikuwa mengine. Tangu tarehe 1 Julai 1885, utawala wa wazungu ulikuwa umesema ardhi isiyokaliwa na mtu ni mali ya serikali. Mweusi aliyekaa mjini alipewa parseli kwa ruhusa tu, akaandikwa katika kitabu kidogo. Ni mwaka 1953 ndipo amri ilipofungua njia ili Mkongomani awe na nyumba na ardhi kwa jina lake mwenyewe, na waliofika huko walikuwa wachache. Babu hakuwa mmoja wao.

Baada ya uhuru ikaja sheria Bakajika ya 1966, kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ambayo inatuongoza hata leo. Inasema udongo wote ni wa serikali, na hauuzwi. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji. Kwa hiyo mtu anayesema « nauza parseli » anauza nyumba yake na haki yake juu ya mahali pale. Kama haki haikuandikwa vizuri, mnunuzi anabaki na matofali na kesi.

Na vita navyo vilichezea karatasi zetu. Mwaka 1964 Simba waliingia Kindu mwezi wa Julai, wakatolewa Novemba. Oktoba 1998 RCD ilichukua mji. Mwaka 2002 mji ulizungukwa na Mai-Mai, chakula kikakosa. Kila mara watu walikimbia, na waliporudi walikuta mabati yameng'olewa au mtu mwingine analala ndani. Mwaka ule wa 2002 nilikuwa mtoto. Nilimwona bibi akishona fishi ya parseli ndani ya pindo la kikwembe chake. Babu alikuwa amekwisha kufa.

Mwaka jana wajomba wakaamua kuuza. Walibadilisha mabati sita, wakapaka chokaa, wakafyeka uwanja na kuchimba choo kipya. Mnunuzi alipofika, ukuta aliutazama kidogo tu. Aliuliza: karatasi iko kwa jina la nani? Mpaka unaishia wapi? Na yule mama mzee aliyekaa barazani anasemaje?

Tulinyamaza. Fishi ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na fishi si sertifika. Majirani wawili hawakupatana juu ya mpaka. Bibi hakuwa ameulizwa hata siku moja. Halafu kuna shangazi aliyekimbia Bukavu Februari 2025. Mjomba mmoja alisema tuuze tu, atapewa habari baadaye.

Sheria ya jamaa ya 1987 haikubali hivyo. Watoto wa marehemu, wanaume kwa wanawake, wanagawana sawasawa fungu lao, robo tatu za urithi. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba alimoishi na mume wake. Na mume aliye hai hawezi kuuza nyumba ya jamaa bila mke wake kukubali.

Basi tukaanza upya. Tuliketi baraza la jamaa, shangazi akasikilizwa kwa simu, maneno yakaandikwa na kila mmoja akatia sahihi. Majirani waliitwa mbele ya shefu wa mtaa, wakaonyesha mpaka, miti ikapandwa. Kisha tukaenda ofisi ya ardhi kuomba jina la babu libadilishwe kuwa la warithi. Bibi alikubali, kwa sharti moja: fungu la shangazi liwekwe kando kabla mtu mwingine hajagusa makuta hata moja.

Ninyi mlio mbali, msimtume mtu auze kwa maneno ya simu peke yake. Mpeni barua ya uwakilishi iliyoandikwa mbele ya notere, na picha ya karatasi zenu iwekwe kwa ndugu wawili.

Nyumba yetu haijauzwa bado. Bibi analala ndani, chini ya mabati sita mapya, na tunangojea karatasi itoke ofisini.