Kutangulia si Kufika: Wakimbiaji wa Nyanda za Mbulu na Karatu

Mbulumbulu ni tarafa ya wilaya ya Karatu, iliyo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa kaskazini wa Ziwa Manyara. Nchi yake imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na wakazi wake, ambao wengi ni Wairaqw, hulima ngano, mahindi na maharage. Mtoto wa huko huijua miteremko na miinuko kwa miguu yake kabla ya kuijua kwa kitabu. Hadi miaka ya 1990 Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Kwa hiyo habari za wakimbiaji wa Mbulu na wa Karatu ni habari moja, na haifai kuzitenganisha.

Habari hiyo yaanza na mtu aliyefika wa mwisho. Katika Olimpiki ya Mexico City, mwezi Oktoba 1968, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti vibaya. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza. 57 walimaliza, na Akhwari alikuwa wa 57, akiingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kuwa nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Jibu hilo limesifiwa duniani kote kama somo la ushujaa wa mtu mmoja. Lakini ndani yake mna jambo lingine: palikuwa na nchi iliyomtuma.

Baada yake alikuja Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, alishika uongozi wa mbio za mita 1,500 tangu mwanzo, asiuachie hata mwisho. Akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, akimshinda John Walker wa New Zealand. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, aliweka rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Walker aliivunja rekodi hiyo miezi mitatu baadaye, na ulimwengu ukangoja wawili hao wakutane Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza katika Afrika Kusini ya makaburu. Walker alichukua dhahabu. Gharama ya msimamo ule ilikuwa ya taifa zima, lakini aliyeilipa kwa miguu yake alikuwa kijana wa Karatu.

Mwaka 1980, mjini Moscow, Bayi aliongoza tena, safari hii katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimpita, naye akapata fedha. Suleiman Nyambui, mwana wa mkoa wa Mara, alipata fedha katika mita 5,000. Hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 kumalizika, Tanzania haikuwa imepata medali nyingine ya Olimpiki. Kutangulia si kufika.

Ukame haukuingia kwa siku moja. Mwanajeshi Juma Ikangaa alikuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mwaka 2005 Fabiano Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni, na Christopher Isegwe akapata fedha ya marathoni Helsinki. Lakini hizo zilikuwa mvua za rasharasha. Uchumi wa nchi ulikuwa umedhoofika baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979; fedha za kigeni za kuwapeleka vijana mashindanoni ziliadimika; na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule, yaliyokuwa ndiyo kitalu, yalisimamishwa kwa muda.

Wako wanaosema kwamba kukimbia ni zawadi ya milima, au ni damu ya kabila. Hoja hiyo haisimami. Katika miaka yote ya ukame, milima ya Mbulumbulu haikushuka hata mita moja, wala watu wake hawakubadilika. Tena Bonde la Ufa ni moja: ng'ambo ya mpaka, Kenya ilizidi kuvuna medali katika miaka ile ile ambayo Tanzania ilizikosa. Naye Nyambui hakutoka milimani, bali karibu na Ziwa Victoria. Kilichopungua ni shule, kambi, walimu na nauli.

Ufufuo nao umekuja polepole. Alphonce Simbu, mwana wa Singida na mwanajeshi kama Ikangaa, alikuwa wa 5 Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, na fedha ya Jumuiya ya Madola mwaka 2022. Mwaka huo huo Gabriel Geay alikimbia Valencia kwa saa 2 na dakika 3 kamili. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin. Kisha, tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Simbu aliingia uwanjani nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, akamfikia kwenye utepe wenyewe. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde, yaani sekunde 0.03. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Dhahabu moja si timu, kama vile mvua moja si masika. Jeshi limemlea Ikangaa na likamlea Simbu, lakini jeshi humpokea kijana aliyekwisha kukua; anayemwona kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi, kwenye kiwanja cha vumbi. Akhwari alimaliza kwa sababu alitumwa. Mtoto anayepanda mlima asubuhi kwenda shuleni Mbulumbulu ana miguu tayari. Anachongoja ni wa kumtuma.